Bi Kidawa Pimbi na Bima ya Fisi

Hamjambo mliokaa, hamjambo mliojiegemeza!

— Hatujambo, na masikio yetu hayajambo!

Nina mzigo kichwani. Nitue?

— Tua!

Nikitua wa uongo?

— Tutaubeba hivyo hivyo!

Na nikitua wa kweli?

— Tutacheka kwanza, tutauliza baadaye!

Haya, nausukuma huo.

Alikuwako pimbi mmoja, mjane, jina lake Bi Kidawa. Pimbi mnamjua: mnyama wa mawe, mviringo kama kiazi, hana makucha ya kutisha wala mbio za kusifiwa. Enzi hizo alikuwa bado na mkia. Na Bi Kidawa aliwazidi pimbi wenzake kwa jambo moja tu: hofu. Akitoka kuota jua husema, "Na kama tai anapita?" Likitanda wingu husema, "Na kama mvua inabomoa jabali?" Akialikwa harusini husema, "Na kama chakula kimelala?" Moyo wake haukujua kupumzika. Du-du-du asubuhi, du-du-du jioni. Wenzake walimcheka wakisema, "Bi Kidawa, wewe utakufa kabla ya kifo chako!" Naye hujibu, "Na kama ni kweli?"

Siku moja Mbayuwayu akatua jabalini, anahema, manyoya yamejaa vumbi la mbali.

"Hodi, bibi."

"Karibu, mjukuu wangu. Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Natoka Ng'ambo. Mwanao Salha ana mimba, na siku zake zimekaribia. Kanituma nikwambie, mama njoo. Wanawake waliomzunguka kule wote ni wa upande wa mume. Hana hata mmoja wa kumshika kiuno na kumwambia, mwanangu, jikaze."

Bi Kidawa akakaa chini. Ng'ambo ilikuwa nchi ya mbali, huko mbuga inakokwisha. Yeye maishani mwake hakuwahi kuvuka jiwe la mwisho la jabali lao.

"Na kuna jambo jingine," Mbayuwayu akasema. "Ng'ambo mgeni haingii hivi hivi. Langoni yupo Bwana Nyati. Atakuuliza, una bima? Yaani, nani atakujibia ukiugua, ukiumia, au ukifa kwenye nchi ya watu? Mgeni akikutwa ndani hana bima, Nyati na nduguze humkanyaga."

"Salha hawezi kunijibia?"

"Salha mwenyewe wa kuja, bibi, na mkwe si damu, kwao hahesabiwi."

"Na huko kukanyaga... humkanyaga kidogo?"

"Humkanyaga," Mbayuwayu akasema, akaruka zake, firrr!

Mama ni mama. Bi Kidawa aliogopa tai, akaogopa njia, akaogopa Nyati, lakini alipomfikiria Salha peke yake na uchungu wake, hofu zote hizo zikasogea kidogo kumpisha. Akatoka kwenda kutafuta bima.

Akaanza kwa Kobe.

"Bima yangu haina hila, dada," Kobe akasema. "Ukiumia, naja."

"Na kama nimevunjika mguu katikati ya mbuga?"

"Naja."

"Na kama jua ni kali na maji yamekwisha?"

"Naja, dada."

"Utafika lini?"

Kobe akafikiri. Akafikiri mpaka nzi akamtua puani, akaruka, akaenda kutembea, akarudi akatua tena.

"Yule mteja wangu aliyevunjika mguu mwaka ule wa njaa," akasema Kobe, "ndiyo nilikuwa najitayarisha kumwendea, ukabisha hodi wewe."

Bi Kidawa akaaga. Akaenda kwa Kasuku.

"Karibu sana! Mteja ni mfalme!" Kasuku akapiga kelele kabla hata hajasalimiwa. "Ukiugua, ita mara moja! Ukiibiwa, ita mara mbili! Ukifa, tafadhali subiri hapo hapo, usiondoke!"

"Na kama nikiita, nani atakuja?"

"Karibu sana! Mteja ni mfalme!"

"Nimeuliza, atakuja nani?"

"Ukiugua, ita mara moja! Ukiibiwa..."

Bi Kidawa akaaga, na hata alipofika bondeni alikuwa bado anakaribishwa.

Wanyama wote wakamwambia, "Unahangaika nini? Nenda kwa Fisi. Fisi ana miguu ya kufika na mabega ya kubeba, na muhuri wake unajulikana langoni. Kila mteja wake aliyerudi anamsifu."

Kila aliyerudi. Bi Kidawa aliligeuza neno hilo kichwani njia nzima, du-du-du, lakini siku za Salha zilikuwa zinakwenda.

Fisi alimpokea mlangoni mwa pango lake. Alikuwa mkubwa, mabega kama mlango, na alipocheka meno yalionekana mpaka ya mwisho.

"Bi Kidawa! Karibu, mama yangu. Bima yangu ni fupi, haina maneno mengi. Ukiugua, nipo. Ukiumia, nipo. Na ukifa, usiwe na wasiwasi kabisa, mwili wako nitaushughulikia mwenyewe. Hautamsumbua mtu."

"Na kama sikuugua?"

"Mzima simgusi. Nimeapa mbele ya wanyama wote."

"Na ada yako, bwana mkubwa, ni nini?"

"Kitu kidogo tu. Kitu usichokitumia. Hebu geuka."

Bi Kidawa alikuwa amefungua kinywa aseme, na kama... Kat! Mkia haupo. Fisi akautafuna, akaumeza, akajilamba. Ndiyo sababu mpaka leo ukimwangalia pimbi kwa nyuma huoni kitu. Kisha akamsugulia matako yake mgongoni, chwaa! Harufu ikapanda, nzi wawili wakaanguka.

"Huo ndio muhuri," Fisi akasema. "Hautoki kwa maji wala kwa mchanga. Popote ulipo nitakunusa."

Bi Kidawa alikuwa bado anayapangusa machozi ya mkia alipoona, pembeni mwa mlango, vipembe viwili vidogo, vyembamba, kimoja kimevunjika ncha. Akavitambua. Vilikuwa vya jirani yake Digidigi, aliyesafiri kwenda Ng'ambo kiangazi kilichopita.

"Bwana mkubwa," akasema, sauti imekonda, "huyu si Digidigi?"

"Mteja wetu," Fisi akasema kwa huzuni. "Alipata homa njiani. Tulimshughulikia."

Hapo Bi Kidawa akaelewa bima yote, ncha kwa ncha. Fisi alikuwa mlafi, lakini biashara aliijua. Akimla mteja mzima, nani angekuja tena? Basi wazima aliwaacha wapite, wakarudi wakamsifu. Wagonjwa hawakurudi kulalamika.

Atafanya nini? Mkia umekwenda, muhuri umekaa, na Salha anangoja. Alfajiri akashuka jabali, akavuka jiwe la mwisho, akashika njia ya mbuga. Hakwenda mbali akasikia nyuma yake, pwata, pwata, pwata. Akageuka. Fisi huyo, ulimi nje.

"Nakusindikiza," Fisi akasema. "Sisi mteja hatumwachi peke yake."

Wakaenda. Bi Kidawa mbele, du-du-du. Fisi nyuma, pwata, pwata.

Upepo ukavuma, vumbi likamwingia kooni. Kho! Kho!

"Bi Kidawa!" Fisi akaruka mbele. "Umeugua?"

"Sijaugua, bwana mkubwa. Nasafisha koo, nataka kuimba."

"Imba basi."

Na ulimi umekauka kama gome, Bi Kidawa akaimba. Akaimba nyimbo za harusi, akaimba za unyago, zilipokwisha akaanza upya, maana kila aliponyamaza kikohozi kilikuwa kinampanda. Wakaenda. Pwata, pwata.

Mwiba ukamwingia unyayoni, chwi! Mrefu, mweupe, akausikia mpaka kwenye goti. Akachechemea.

"Bi Kidawa! Umeumia?"

"Sijaumia, bwana mkubwa. Nacheza. Kwetu mama akiendea uzazi wa mwanawe hucheza njia nzima."

"Cheza basi."

Akacheza juu ya mwiba. Huku hatua, huku mzunguko, mabega yanatikisika, machozi yanamchuruzika mashavuni.

"Mbona unalia?"

"Furaha, bwana mkubwa."

"Ehee," Fisi akasema, akameza mate, glu!

Wakaenda. Pwata, pwata. Mara kivuli kikapita juu ya nyasi, kipana, kimya. Tai! Bi Kidawa akajitupa chini ya jiwe, akabana, hapumui. Kivuli kikazunguka, kikazunguka, kikaenda zake. Na alipofumbua macho akaiona pua ya Fisi, hii hapa, imelowa.

"Bi Kidawa," Fisi akanong'ona kwa matumaini, "umekufa?"

"Sijafa, bwana mkubwa. Naisikiliza ardhi."

"Inasemaje?"

"Inasema karibu yangu yupo mtu mwenye njaa."

Fisi akatazama pembeni. "Ardhi ina maneno mengi," akasema.

Jua lilipoanza kulegea wakafika kwenye lango la Ng'ambo: magogo mawili makubwa, na katikati Bwana Nyati, paji pana kama kinu kilicholazwa.

"Una bima?"

Bi Kidawa akageuka, akaonyesha mgongo. Nyati akanusa, akapiga chafya. "Ya Fisi. Pita."

Basi tu. Apite. Msafiri mwingine angepita akishukuru. Nyuma yake Fisi alikuwa keshajilaza kivulini, nje ya lango, miguu mbele.

"Nenda salama, Bi Kidawa," akasema. "Nitakungoja. Kwenda ni nusu ya safari."

Bi Kidawa akasimama, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Wa mwiba ulikuwa umevimba kama boga. Na kama nashindwa kufika kwa Salha? Na kama nafika, nikakaa, halafu siku ya kurudi nikakohoa? Na kama safari ijayo anamfuata Salha na kitoto chake? Moyo ukapiga mpaka masikio yakaziba. Ndipo akafungua kinywa, akapiga ukelele wa kipimbi, ule unaopasua mwamba.

"Kwiiii! Bwana Nyati! Nimeumia!"

Fisi alikuwa juu kabla mwangwi haujarudi. "Tukio! Tukio!" Mate yanamtiririka. "Kaumia! Mwenyewe kasema! Ni mteja wangu!"

"Ni mteja wako?" Nyati akauliza.

"Wangu, na muhuri wangu anao!"

"Utamfanya nini?"

"Nitamshughulikia!"

"Kumshughulikia ndiyo nini?"

Fisi akaitazama pembe ya kulia ya Nyati. Akaitazama ya kushoto. Nyuma ya Nyati kichaka kikasogea, kumbe hakikuwa kichaka, ni ndugu zake.

"Ni... kumbeba," Fisi akasema.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka ninakokwenda," Bi Kidawa akadakia. "Na kunikinga na tai. Na kunilinda mpaka nipone. Si ndivyo ulivyoniahidi, bwana mkubwa?"

"Ndivyo," Fisi akasema, "kwa ufupi." Na moyoni akajisemea, vichaka havikosekani njiani. Akainama. "Panda, mama yangu."

"Ngoja," Nyati akasema. "Wewe nawe mgeni. Hujawahi kupita hapa. Bima yako iko wapi?"

"Mimi ndiye bima!"

"Nakuuliza yako. Nani atakujibia wewe?"

Fisi akatazama huku na huku. Ndugu zake Nyati wakasogea, ndu, ndu, ndu.

"Mimi," Bi Kidawa akasema. "Mimi nitamjibia." Akamwendea Fisi, akamsugulia mgongo wake kwenye pua, maana pimbi naye ana muhuri wake hapo mgongoni, na si mzuri.

Nyati akakubali kwa kichwa. "Sikia, Fisi. Bima yako ni bibi huyu. Umeikata kwa hiari yako, na mtaivunja kwa hiari, mbele ya mashahidi. Lakini akipatwa na jambo, huna bima. Na asiye na bima..." Akapiga kwato moja chini. Ndu! Kokoto zikaruka.

Basi wakaingia Ng'ambo, Bi Kidawa juu, Fisi chini. Na ndugu zake Nyati wakawa wanakula majani kandokando ya njia, hawana haraka.

Kho! Kho! Vumbi tu.

"Bi Kidawa!" Fisi akaruka kwa woga. "Hujaugua, sivyo?"

"Kifua kinanibana kidogo."

"Masalale! Imba, mama yangu, imba kitoke!"

Wakaenda. Kivuli cha Tai kikapita, na Fisi akabweka juu akiruka mpaka Tai akashangaa, akageuza njia. Wakafika kwenye miiba, naye akaizunguka, akatembea kwa ncha za vidole kama mwizi.

"Bi Kidawa, hujambo? Hujachoka? Hujashtuka?"

"Mbona unauliza sana, bwana mkubwa?"

"Moyo wangu," Fisi akasema. "Sijui una nini leo. Du-du-du."

Wakafika kwenye jabali la Salha. Mkwewe Bi Kidawa, kijana mpole, alipomwona mama mkwe amempanda Fisi alisalimia kwa heshima zote, kisha akaingia kwenye ufa wa ndani kabisa, na hakutoka. Uchungu ulikuwa umeanza. Bi Kidawa akachechemea ndani, akamshika mwanawe kiuno kwa nyuma, akamwegemeza kifuani.

"Mama, umekuja?"

"Nimekuja."

"Mama, mbona huna mkia?"

"Tutazungumza. Jikaze, mwanangu."

Mwiba ulikuwa bado umo mguuni, hakuukumbuka. Salha akalia, naye akamwambia jikaze. Salha akachoka, naye akamwambia jikaze. Na yeye mwenyewe kila pumzi ya mwanawe ilipokawia alijisemea, na kama? Na kama? Wala hakuthubutu kumaliza. Mpaka kikasikika kisauti, chembamba, kama unyasi unaopulizwa. Kitoto cha kiume, macho wazi, kimelowa.

Nje, Fisi alikuwa amelala mlangoni. Tangu aingie Ng'ambo hakuwa ametia kitu mdomoni. Tumbo guru-guru, guru-guru. Harufu ya damu na ya kitoto ikamfikia, ikaupita hata muhuri wa Bi Kidawa uliokuwa puani. Akasimama. Akaziba mlango mzima kwa mabega yake.

"Bi Kidawa," akasema, na safari hii hakumwita mama, "mimi nimechoka na hii bima."

Salha akakikumbatia kitoto. Bi Kidawa akasimama mbele yao, mviringo, mdogo, mguu umevimba.

"Umechoka vipi, bwana mkubwa?"

"Bima yako ndiyo inayonifunga mdomo. Nakubeba kwa sababu ya bima. Nakaa na njaa kwa sababu ya bima. Pasipo bima mimi ni Fisi na wewe ni nyama. Ivunje!"

"Na kama nikikataa?"

"Ivunje!" Meno yote nje, mpaka ya mwisho.

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu!"

"Mbele ya mashahidi?"

"Huyo mwanao na hicho kijitoto chake ndio mashahidi! Vunja!"

Moyo wa Bi Kidawa uliacha kupiga du-du-du. Ulisimama kabisa, ukasikiliza. Chini ya jabali, kwenye majani, kulikuwa na ndugu zake Nyati. Walikuwapo alipofika. Na kama wamehama? Na kama wamelala? Hakukuwa na wa kumwuliza.

"Imevunjika," akasema. Kisha akavuta pumzi mpaka akawa mviringo mara mbili, akapiga ukelele. "Kwiiiii! Bwana Nyati! Kuna mgeni huku hana bima!"

Kimya.

Fisi akacheka, akainua mguu aingie.

Ndu.

Fisi akasimama.

Ndu, ndu. Ndu-ndu-ndu-ndu! Jabali likatetemeka, vumbi likamwagika kutoka kwenye nyufa. Fisi akageuka. "Ninayo!" akapiga kelele. "Ninayo bima! Nilikuwa natania! Bi Kidawa, iunge tena! Mama yangu!" Lakini Nyati hajui utani. Wakamfukuza jabalini, wakamfukuza mbugani, wakamtoa langoni kwa pembe, na aliyekuwa wa mbele alimkanyaga kiuno, paa! Tazameni fisi anavyotembea, mbele juu, nyuma chini. Hakuinuka vizuri tena.

Bwana Nyati mwenyewe akaja mlangoni, anahema.

"Bibi," akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo, "bima yako imekimbia. Sasa wewe nani anakujibia?"

Bi Kidawa akafungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na "na kama" hata moja. Alikuwa amezimaliza zote. Akamtazama Nyati, akazitazama kwato zake.

Ndani, kitoto kikapiga chafya, kikalia. "Kwiii!"

Nyati akainamisha masikio. "Nani huyo?"

"Mjukuu wangu," Bi Kidawa akasema. "Kazaliwa sasa hivi."

"Kazaliwa hapa? Kwetu?"

"Hapo kwenye majani makavu."

Nyati akafikiri kwa muda, kama Nyati anavyofikiri.

"Basi mwenyeji amejibu," akasema, akashuka jabali.

Haya, wenzangu, ngano nimeifikisha, mzigo uko chini, shingo yangu imepona. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, tupeni mate, maji yapo.

— Na funzo lake?

Funzo liko wazi. Msafiri asiwe na wasiwasi, maana wasiwasi haujamsaidia mtu. Asiulize maswali mengi, watu watamchoka. Aende kwa mwenye meno makubwa kuliko wote, ageuke akiambiwa geuka, na asafiri kwa raha. Mkimwona Digidigi, mwulizeni.